Studio Yetu ya Magunia

Siku moja naikumbuka kwa hasira, mwanangu, na hasira hiyo sitaki ipoe. Tulikuwa tumesimama nje ya studio moja Masasi mjini, jua la saa sita liko utosini, ngoma za Ausi zimepangwa ukutani kama watoto waliofukuzwa darasani. Prodyuza wa pale alifungua mlango nusu, akatutazama toka juu mpaka chini. Akasema, "Ngoma hizo ziacheni hapo nje. Biti nitaitengeneza mimi kwenye kompyuta. Mwenye gitaa aingie, na wewe dada uingie, sauti yako nimeisikia, nzuri. Huyo mwingine atawasubiri."

Huyo mwingine alikuwa na jina. Aliitwa Ausi, mtu wa Newala, na ngoma zile alizirithi kwa marehemu baba yake. Baba ndiye aliyemfundisha kupiga, amekaa nyuma yake, amemshika mikono yote miwili mpaka ikajua yenyewe. Wimbo wetu ulianza kwa ngoma ukaishia kwa ngoma, na mimi mwimbaji wa mbele nilikuwa nikiifuata mikono yake kama unavyofuata kijia cha shambani. Sasa mwenye njia aambiwe akae nje, sisi tuingie kuimba nini?

Hamisi, mpiga gitaa wetu, alikwisha kuingiza mguu mmoja. Nikamvuta shati. Nikamwambia prodyuza, "Kaka, ngoma zikibaki nje, na mimi nimebaki nje." Akacheka. Akasema kwa makelele ya porini hatufiki popote, na kwamba tutarudi tu. Kisha akafunga mlango.

Hatukurudi. Leo nina wajukuu, na pale sijakanyaga tena.

Tulikuwa watatu, tukajiita Mikorosho Bendi, jina kubwa kuliko mali tuliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa mama wa mtoto mmoja, Tumaini, nakaa Lisekese kwa ndugu zangu. Sauti niliipata kwenye kwaya, maana ukoo wetu ni wa kanisa tangu enzi za mababu kule Lulindi. Wenzangu walikuwa Waislamu. Ijumaa niliwasubiri watoke msikitini, Jumapili wakanisubiri nitoke ibadani, na siku zilizobaki tuligombana kuhusu muziki, kama inavyotakiwa.

Siku hiyo ugomvi ulianzia njiani. Hamisi alisema bendi zote zinazosikika zinapigiwa na kompyuta, na kwamba nimeukata mkono uliokuwa unatuvuta juu. Nikamjibu kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nikaona msala wenyewe hata haukuwa wetu, tulikuwa tunaonyeshwa tu. Ausi alikuwa anatufuata nyuma na ngoma zake. Mwisho akasema, "Mama Tumaini, nendeni tu mkarekodi. Mimi sitachukia."

Neno hilo liliniuma kuliko la yule bwana wa mlangoni. Mtu akikufukuza unapata nguvu ya kubisha, lakini mwenzako akijitoa mwenyewe ili wewe upite, utabishana na nani? Nikasema, "Basi tutatengeneza studio yetu." Hamisi alicheka, na kusema kweli hata mimi sikujua nimesema nini.

Hebu nikuhesabie utajiri wetu, ucheke. Hamisi alikuwa na laptopu iliyotumika, betri imekufa, ukichomoa waya inazima papo hapo. Ndani yake aliweka programu ya kurekodia ya bure. Kipaza sauti kilikuwa cha kwaya, na padri alinipa kwa sharti kwamba kila Jumapili kiwe kanisani kabla ya kengele. Hedifoni ilikuwa moja, upande mmoja wake unasikika ukipenda. Kilichokosekana ni chumba.

Kwetu, mwanangu, baba anakupenda, lakini mwenye neno ni mjomba. Nyumba, mashamba, ndoa, yote yanapita kwake kwanza. Mjomba wangu aliitwa Benadi, mkulima wa korosho hapo hapo Lisekese, mtu wa sauti kubwa na subira fupi. Tulimkuta ananoa panga.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mmekuja watatu, basi jambo si dogo. Semeni."

Nikasema. Akasikiliza bila kuacha kunoa. Alikuwa na nyumba mpya ya matofali, na nyuma yake ghala la zamani la udongo lililoezekwa nyasi, mahali pa kuwekea korosho. "Nyumba mnaiona, na ghala mnaliona," akasema. "Chagueni mnapotaka. Ila korosho zikianza kuokotwa nataka changu, sitaki kusikia habari ya wimbo."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi hatukutaka kuinama. Tulichagua sebule ya nyumba mpya, kwa sababu ilikuwa na sakafu ya vigae, rangi ukutani na madirisha ya vioo. Tulitaka mtu akija aseme, kweli hii ni studio. Tukazunguka kwa wauza chipsi tukiomba trei za mayai, tukazibandika ukutani jinsi tulivyoona mjini. Ikapendeza hasa. Tumaini alipewa kazi ya kuzishangaa, akaifanya vizuri.

Kisha tukarekodi. Sauti yangu ilirudi kama ya mtu aliyedumbukia pipani. Vigae viliirudisha, vioo vikaipokea, na zile trei zikabaki mapambo tu. Mchana bati likapata joto likaanza kulia ko, ko, katikati ya ubeti. Tulihangaika wiki nzima, kisha tukabandua trei kimya kimya na kuhamia ghalani. Mjomba alipotuona tunabeba laptopu kuipeleka kwenye nyumba ya panya alicheka mpaka akakohoa.

Mwanangu, lile ghala! Kuta nene za udongo, sakafu ya udongo, nyasi juu, na kila pembe mirundo ya magunia ya katani yanayosubiri msimu. Tulitundika magunia kwenye kamba kuzunguka kuta, mawili mawili, tukaacha nafasi kidogo nyuma yake. Nikapiga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likaishia palepale mikononi mwangu. Wahenga walisema nyumba ya udongo haihimili vishindo. Wahenga nawaheshimu, lakini hilo waje waniambie nikiwa Lisekese.

Laptopu tuliiweka nje barazani kwa sababu feni yake ilikuwa inanguruma, waya tukaupitisha kwenye tundu la hewa. Kipaza sauti kikaning'inia kwenye boriti, na mbele yake soksi yangu ya nailoni imevutwa kwenye duara la waya, ili pumzi yangu isilipuke nikitamka maneno. Asubuhi hatukurekodi kitu. Ulikuwa wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, na mashine za kupulizia zililia mashambani kote mpaka umande ukauke. Tulianza mchana, Masasi yote ikiwa imechoka.

Nilipoisikia sauti yangu kwenye ile hedifoni, safi, imekaa karibu kama mtu ananinong'oneza, niliruka. Gitaa nalo likatulia. Nikasema sasa tumefika.

Ikaja zamu ya Ausi.

Hapa ndipo penye kisa chenyewe, mwanangu, kwa hiyo usisinzie. Ngoma ya kwetu haipigwi baridi. Kabla ya kupigwa inapashwa moto, ngozi inaelekezwa kwenye mwali wa nyasi, mpigaji anaigonga kwa vidole huku akisikiliza, mpaka sauti ipande na kukaza. Ikipoa, inarudi motoni. Hilo mtoto yeyote wa huku analijua kabla hajajua kuvaa viatu. Lakini Hamisi alisema, "Moto hapa? Nyasi juu, magunia pembeni, laptopu barazani! Halafu mtu akija akatukuta tunawasha moto atasema nini? Studio si jiko." Na ajabu ni kwamba sote tulikubali. Hata Ausi alikubali. Akasema atazianika juani kidogo, itatosha.

Haikutosha. Alipiga, na kilichorekodiwa ni pu, pu, pu, kama mtu anayekung'uta godoro. Akarudia. Pu, pu. Tulijaribu siku ya pili na ya tatu. Hamisi alivua hedifoni, akaiweka polepole chini, akasema neno ambalo nadhani alikuwa amelibana tangu Masasi mjini: "Jamani, prodyuza alisema kweli. Ngoma hizi hazirekodiki."

Ausi hakubisha. Alichukua kamba, akaanza kuzifunga ngoma zake pamoja. Akaniambia kesho atatafuta lori la kumrudisha Newala, akamsaidie mama yake shambani. Nikaona bendi imekwisha, tena haikuuawa na mtu wa mjini, ilifia mikononi mwetu. Nililia, sioni haya kusema.

Mjomba Benadi alitukuta hivyo. Alikuwa anatoka shambani, salfa ya manjano imemkaa mpaka kwenye nyusi. Akatazama ngoma, akatazama kamba.

"Zimefungwa kwa nini?"

"Hazilii, Mjomba," nikasema.

"Zimeota moto?"

Ausi akaendelea kukaza fundo la kamba.

"Nimeuliza, zimeota moto?"

Ausi akajibu akiangalia chini. "Hapana, Mjomba. Hapa ni studio."

"Studio!" Mjomba alilitema lile neno. "Hiyo studio ndiyo mgeni hapa, ngoma ni mwenyeji. Mgeni akija kwako anakula mnachokula. Wewe unazima jiko kwa sababu mgeni hapendi moshi? Kule mjini waliziacha ngoma nje, mkaja hapa mmenuna, mkanisimulia na mimi nikaudhika. Humu mmeziingiza ndani, mkazinyima moto. Tofauti iko wapi? Yule bwana angalau aliwaambia usoni." Akanigeukia mimi. "Na wewe mpwa wangu, mdomo wote ule uliokuwa nao mjini umeuacha wapi? Hapa mnamwonea nani aibu? Mimi? Panya?"

Mwanangu, nimekemewa na mapadri, walimu na mama mkwe. Hakuna aliyenifikia mfupa kama mzee yule mwenye salfa usoni. Tulikuwa tumemkataa prodyuza mlangoni kwake, kisha tukambeba vichwani mwetu hadi ndani ya ghala letu wenyewe. Mkataa kwao mtumwa, na utumwa mbaya kabisa ni ule ambao bwana wako hata hayupo.

Mjomba hakungoja tujibu. Alikusanya mabua na nyasi kavu, akawasha moto uani, mbali na paa, upande ambao upepo ulikuwa unatoka ghalani. Akaweka ndoo ya maji karibu, na maji kwetu si kitu cha kuwekwa hovyo. Ausi akafungua kamba. Alipiga magoti, akaielekeza ngozi motoni, akaigonga kwa ncha za vidole na kuisikiliza. Akageuza, akagonga tena. Nikaisikia ikipanda. Hamisi pia aliisikia, maana alitoka mbio kwenda barazani kuandaa laptopu bila kuambiwa.

Sasa fikiria kazi ilivyokuwa. Ngoma ikitoka motoni ina muda mfupi kabla haijapoa, basi hatukuweza kurekodi mmoja mmoja kwa starehe. Ilibidi tupige wote kwa pamoja, kwa kipaza sauti kimoja, wimbo mzima bila kukata. Ausi tulimweka mwisho kabisa wa chumba kwa sababu ngoma ina nguvu, Hamisi katikati, mimi mbele karibu na soksi yangu. Ngoma ikizidi tunasogea hatua moja, gitaa likififia tunamvuta mwenyewe na kigoda chake. Hamisi alikuwa anabonyeza kitufe barazani, anaingia mbio, anakaa, anahema, ndipo tunaanza. Tukikosea, Mjomba anapiga kelele kutoka uani, "Rudisheni motoni!"

Tulikosea sana. Mara nimesahau ubeti, mara jogoo, mara umeme umekatika na laptopu imezima na kila kitu. Siku zikaenda. Chini ya mikorosho korosho za kwanza zikaanza kuanguka, na Mjomba, mtu wa neno lake, akaanza kuchukua magunia. Hakuchukua yote kwa mara moja, hapo ndipo nilipojua anatupenda. Kila asubuhi aliondoa machache, akianzia upande wa mlango, na kila mchana sisi tulijibanza upande uliobaki. Tulipoupata wimbo, ukuta mmoja ulikuwa mtupu kabisa na mirundo imekwisha. Tulimaliza, hakuna aliyesogea. Hamisi akatoka taratibu kwenda kuzima, akasikiliza, akarudi. Alikuwa analia na kucheka. Alimwendea Ausi akampa mkono, na Ausi akaupokea.

Wimbo tukaupeleka redioni. Mtangazaji mmoja aliusikiliza kwa heshima, akasema, "Sauti nzuri. Ila ngoma zimezidi. Mkapunguze, muweke biti, nitaupiga." Mimi nilifungua mdomo, lakini Hamisi, yule yule niliyemvuta shati, alinitangulia. "Hapana, kaka. Wimbo ndio huo." Tukaaga, tukaondoka. Redio haikuupiga mwaka ule wala uliofuata.

Na haukufa. Ulipita kwenye memori kadi, kutoka simu hadi simu. Bodaboda waliupenda kwa sababu ngoma zake zinasikika hata kwenye kelele za barabara mbovu. Uliimbwa kwenye kupima korosho, na kwenye sherehe za kuwatoa watoto jandoni. Pesa haikuja, nisikudanganye. Lakini tuliitwa kupiga, kijiji hadi kijiji, sote watatu.

Siku nisiyoisahau ni tulipopanda Newala kumsalimia mama yake Ausi. Ausi hakuwa amemwambia habari za kurekodi, alimwogopa kidogo, kama wanaume wote wa huko. Tulimkuta ameketi kwenye mkeka anapepeta mtama. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha. Ausi akaenda nyuma kunawa miguu. Hamisi akafungua simu, akauweka wimbo, bila maelezo.

Ngoma ilipoanza, ungo ulisimama. Mama Ausi alinyanyua uso, akaangalia mlangoni, akaita, "Baba Ausi?"

Kisha akaziba mdomo kwa mkono, maana mumewe alikuwa amezikwa miaka mingi. Alikaa hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Ausi alikuwa amerudi, amesimama kwenye kona ya nyumba, maji yanamtiririka miguuni. Mama yake akamgeukia. "Ni mkono wa baba yako," akasema. "Rudieni." Tukarudia. Nikamkumbuka yule bwana na biti yake ya kompyuta, nikawaza, katika biti ile mama huyu angemwita nani?

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nawe uwaambie wenzako. Usingoje chumba cha vioo. Chumba kipigie kofi kwanza kabla hujakipenda kwa macho, na kama kofi linarudi, tafuta magunia, magodoro, mablanketi ya bibi yako, chochote kizito. Kipaza sauti kimoja kinatosha watu wanaojua kusogea. Omba kwa padri, omba kwa shehe, omba kwa mjomba, kuomba si fedheha. Lakini hayo ni ya mikono, na mikono hujifunza. La moyoni ni gumu zaidi. Mtu akikwambia upite peke yako na mwenzako abaki, kataa, tena kataa kwa sauti, hata kama mlango wenyewe ni mzuri. Ukishakataa, jichunguze nyumbani kwako, usije ukawa umeufunga mlango ule ule kwa mkono wako. Kitu chako kikihitaji moto, kiwashie moto mchana kweupe. Atakayecheka acheke, atachoka.

Nenda sasa, na baraka zangu zikufuate. Mungu akupe koo lisilokauka na majirani wenye subira, umeme usikatike kabla ya ubeti wa mwisho. Akupe wenzako wa kugombana nao na kupatana nao. Akupe mzee mkali wa kukurudisha unapojionea haya. Na yeyote atakayekwambia upunguze, Mungu akuongezee.